Ncha Iliyopita Mezani

Kila siku ya likizo, baada ya kuosha vyombo, Chapuchapu alimfuata mama yake karakanani. Wafanyakazi walimbandika jina hilo kwa sababu hakujua kutembea, alijua kukimbia tu.

Mama alichambua mabaki ya titani, metali nyepesi na ngumu. Yalioshwa mafuta, yakapitishwa kwenye sumaku, kisha yeye akayatandaza mezani na kuyakagua kwa macho, konzi kwa konzi, kabla hayajayeyushwa.

"Sumaku haikamati kila kitu," alizoea kusema. "Ncha ya keekee ya kutobolea vyuma ikivunjika hujificha humu, na haiyeyuki. Moja tu inaharibu mzigo mzima."

Alasiri moja Mama aliitwa ofisini. "Nimalizie ndoo hii, mwanangu. Polepole."

Nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. Chapuchapu aliimimina ndoo nzima kwenye pipa la mabaki yaliyokwisha kukaguliwa.

"Umekagua?" Mama aliuliza aliporudi.

"Yote, Mama."

Wiki iliyofuata msimamizi alileta bonge la titani lililokatwa. Ndani yake ilionekana ncha nyeusi, ndogo kama punje ya mchele.

"Hili lilikuwa la kutengenezea vyuma vya kuungia mifupa ya wagonjwa," alisema kwa huzuni. "Limetoka kwenye pipa lako, mama. Miaka kumi na miwili hujakosea."

Mama hakumshuku mwanawe hata kidogo. "Labda macho yangu yamechoka," alijibu. Siku hiyohiyo akahamishiwa kwenye kuosha mafuta.

Kesho yake Chapuchapu alimkuta dirishani, ameshika sindano na uzi. Alifumba jicho moja, akatunga, kisha akafumba la pili.

"Mbona naona?" alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Sasa ile ilinipitaje?"

Chapuchapu alimkimbilia. Akapiga magoti. "Mama, macho yako ni mazima. Ile ndoo sikuikagua. Nilikudanganya."

Mama aliiweka sindano chini. Kisha akamshika mkono, wakaenda kwa msimamizi, na Chapuchapu akasema yote mwenyewe huku akilia. Mama akarudishwa mezani pake. Chapuchapu akakatazwa kuigusa meza ile.

Walipotoka, Mama alimfuta machozi, ingawa yake yalikuwa hayajakauka.

"Ungeniambia siku ileile, tungemwaga pipa na kuanza upya," alisema. "Uvivu wako uliharibu titani, mwanangu. Uongo wako ulinifanya niyaogope macho yangu mwenyewe. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu mwingine hajaanza kujilaumu."