Waya wa Saba

Horea Balan alikutwa amelala chali chini ya gari lake mwenyewe, gurudumu la nyuma likiwa juu ya kifua chake. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika msumeno mdogo. Ufunguo mwekundu unaowasha na kuzima umeme wa winchi, mashine ya kamba ya kuvutia gari, ulikuwa mfukoni, mahali ambapo kila mwanachama wa klabu yao ya mashindano ya magari ya porini huuweka kabla ya kuingia chini ya gari.

Inspekta Saveta Nistor aliutazama ufunguo huo kwa muda mrefu kuliko alivyoutazama uso wa marehemu. Mtu mwenye ufunguo mfukoni ni mtu anayeamini kwamba winchi haiwezi kusogea.

Gari lilikuwa kwenye mteremko wa msitu wa miti ya mifune, pua ikitazama juu, kamba ya winchi imefungwa kwenye shina mita thelathini mbele. Kamba hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imelishikilia. Ilikuwa imelegea kiasi cha mita moja na nusu, na mita moja na nusu ilitosha.

Aliyekuwa na Horea alikuwa Teofil Crisan, aliyemsomea ramani mashindanoni kwa miaka kumi na moja, mstaafu wa reli, umri miaka hamsini na tisa. Alikaa juu ya kisiki na blanketi la polisi mabegani. Alieleza kwamba gogo lilikwama kwenye ekseli ya nyuma. Horea akazima gari, akachomoa ufunguo, akaingia chini kulikata. Yeye, Teofil, akapanda kukagua mkanda ulioshika kamba kwenye mti. Akasikia winchi inazunguka. Aliposhuka, yalikuwa yamekwisha.

"Ilijiendesha yenyewe, afande," alisema.

"Rimoti za winchi zilikuwa wapi?"

"Ya Horea iko kwenye kiti. Yangu niliiangusha mtoni wiki iliyopita."

"Aliita?"

Teofil alivuta blanketi. "Sikusikia."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alisema alasiri hiyo kwamba kifo hakikuwa cha ghafla. Winchi inayoshusha gari zito huenda taratibu. Marehemu alikuwa na nafasi ya kuita, na koo lake lilionyesha kwamba aliita sana.

Gari lilivutwa hadi ua wa kituo. Siku ya Jumatatu mtaalamu wa umeme alifungua boneti, na kesi ikaonekana kama imejifunga yenyewe. Kulikuwa na kisanduku kipya cha kuendesha vifaa vya gari bila waya: unabonyeza rimoti, taa za juu zinawaka, pampu ya upepo inajaza matairi, winchi inavuta au inaachia. Kisanduku kilikuwa na matundu sita, na nyaya sita zilitoka humo. Lakini mtaalamu alikuta waya wa saba. Ulitoka kwenye betri ukaenda moja kwa moja hadi kwenye umeme wa winchi, ukauruka ufunguo mwekundu. Kwa waya huo, ufunguo ulikuwa pambo tu. Winchi ilikuwa hai muda wote.

Kisanduku kilikuwa kimefungwa siku tisa kabla ya kifo na fundi Ozana Petcu, mwenye karakana karibu na kiwanda cha mbao.

Mwendesha mashtaka hakusubiri. Alimwambia Saveta kwamba huo ni uzembe uliosababisha kifo, karakana ifungwe kwa lakiri, na faili liwe mezani kwake Alhamisi. Saveta alimkumbusha kwamba hawajajua ni nani aliyebonyeza. Alijibiwa kwamba rimoti hizo hupokea mawimbi ya ovyo, na kwamba fundi mbovu ni fundi mbovu.

Ozana aliletwa Jumanne asubuhi. Alikuwa na miaka thelathini na nne, kucha nyeusi za grisi, na binti wa miaka sita aliyemwacha kwa jirani. Hakulia. Alikuwa na hasira.

"Nimefunga winchi arobaini na mbili," alisema. "Zote kupitia ufunguo. Hata mteja akinibembeleza nisiuweke, namwambia aende kwa fundi mwingine."

"Marehemu alikubembeleza?"

"Yeye? Yeye ndiye aliyewafundisha wote kuhusu ufunguo. Angenipiga makofi."

"Huu waya wa saba ni wa nani?"

"Si wangu."

"Kila fundi angesema hivyo, dada."

"Basi nionyeshe. Usiniambie habari ya picha, nionyeshe waya wenyewe."

Kanuni hazikumruhusu mtuhumiwa kusogelea kielelezo. Saveta alimsimamisha hatua mbili kutoka kwenye gari, mikono nyuma, konstebo pembeni, akainua boneti mwenyewe. Ozana aliinama, akatazama, kisha akanyooka.

Alisema mambo mawili, na Saveta aliyaandika yote mawili. La kwanza, yeye hufunga nyaya zake kwa vibana vya plastiki, na vilikuwa pale, sita, vyeusi. Waya wa saba ulikuwa umeshonwa kwenye fungu la nyaya kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo, kila fundo upana wa vidole viwili kutoka kwa mwenzake. Kazi safi kuliko yake, alikiri. La pili lilikuwa tope.

"Lipo chini ya uzi," alisema. "Mimi nilifunga gari safi."

Saveta alichukua tochi na kibano. Tope la manjano lilikuwa limekauka juu ya vibana vya plastiki, yaani vibana vilikuwepo kabla ya tope. Lakini uzi wa nta ulikuwa msafi, na chini yake kulikuwa na tope lilelile. Aliyeufunga alifunga juu ya uchafu mkavu.

Tope la manjano liko sehemu moja tu katika wilaya ile, kwenye mabaki ya mgodi wa zamani ambako klabu hufanya majaribio. Horea alipita huko Jumamosi, siku mbili baada ya gari kutoka kwa Ozana. Na magari ya klabu ile hayaoshwi kati ya majaribio na mashindano. Ni mwiko. Anayeosha huchekwa msimu mzima kwamba anakwenda harusini.

Kwa hiyo waya wa saba ulizaliwa kati ya Jumamosi ya majaribio na Jumamosi ya mashindano, siku ya kifo. Ilibaki kujua gari lililala wapi siku hizo.

Lia, mjane wa Horea, alikuwa akipika ngano ya matanga aliposikia swali. Aliendelea kukoroga. Alisema gari lililala kwa Teofil, ghalani, kama kawaida, kwa sababu uani kwao hapatoshi. Aliongeza kwamba Teofil ndiye aliyebeba jeneza upande wa kichwani, na kwamba baada ya yaliyompata mtoto wake, watu walishangaa moyo alionao.

"Yapi hayo?"

Lia alisimulia huku akiangalia sufuria. Miaka mitano iliyopita Remus Crisan, miaka ishirini na miwili, alikufa kwenye mashindano akiwa na Horea badala ya baba yake. Alikuwa amepiga magoti mbele ya gari akinyoosha kamba, winchi ikaanza kuvuta. Horea aliwaambia polisi kwamba kijana alikuwa na rimoti mkononi na akaibonyeza mwenyewe kwa kutokuwa makini. Tangu hapo, kila msimu, Horea aliwasimamisha wanachama wapya mbele ya picha ya Remus ukutani na kuwasimulia kosa la Remus.

"Na Teofil akiwepo?"

"Akiwepo. Alikuwa akishusha kofia."

Saveta alikwenda kwa Teofil jioni ileile, jua bado liko juu ya kilima. Alimkuta anakula ugali na jibini barazani. Teofil alimkaribisha sahani, naye akakataa. Juu ya vichwa vyao pilipili nyekundu zilikuwa zikikaushwa, mafungu marefu yaliyoning'inia kutoka kwenye boriti. Kila kikonyo kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa nta, fundo baada ya fundo, upana wa vidole viwili.

"Nani kafunga hizi, mzee?"

"Mimi. Miaka thelathini na moja nimefunga nyaya za ishara za reli. Plastiki hukatika kwenye baridi. Uzi haukatiki."

Alisema hivyo kwa fahari. Kisha akaangalia pilipili, akamwangalia Saveta, akaweka kijiko chini.

Saveta alimwambia avae koti.

Katika chumba cha mahojiano Teofil alikataa wakili na alikataa chai. Kwa nusu saa alikataa pia kila kitu kingine. Uzi wa nta unauzwa kila mahali. Ghala lake halina kufuli. Mtu yeyote angeweza kuingia. Saveta alimwacha amalize. Mezani aliweka picha ya fundo la pilipili na picha ya fundo la garini, ubavu kwa ubavu, naye akazitazama kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake.

"Rimoti hii ni ya kushikilia," Saveta alisema. "Ukiachia kidole, inasimama. Mita moja na nusu, mzee. Kidole kilikaa hapo karibu dakika nzima, na mtu anaita."

Teofil alizigeuza picha zote mbili kifudifudi.

"Alhamisi Ozana Petcu anafunguliwa mashtaka. Ana binti wa miaka sita. Watoto shuleni tayari wamemwambia kwamba mama yake kaua mtu. Karakana ina lakiri mlangoni. Hata akitoka jela, katika wilaya hii atabaki yule fundi aliyemuua Horea kwa uzembe, na klabuni wataweka picha yake ukutani."

Teofil alifumba macho.

"Wewe unajua hilo linavyokuwa," Saveta alisema. "Mtu kubeba kosa ambalo si lake."

Alilia kwanza, bila sauti, akijipangusa kwa kofia. Kisha alisema, na hakusimama tena.

Siku ya majaribio Horea alikuwa na furaha na rimoti mpya. Walikuwa wamekaa juu ya boneti wakinywa pombe ya plamu. Horea akasema hii ni nzuri, lazima uishikilie, si kama ile ya zamani ambayo ukiigusa tu inaondoka. Ndiyo iliyomponyoka yeye Horea mkononi siku ile, akaongeza. Teofil alimuuliza siku ipi. Horea akacheka, akammiminia tena.

"Miaka mitano nimemlaumu mwanangu," Teofil alisema. "Mama yake amekufa akimlaumu. Nilikuwa namwendea kaburini na kumgombeza, afande. Namgombeza marehemu. Na Horea ananishika bega."

"Ungekuja kwetu."

"Na nini? Neno la mlevi?" Alitikisa kichwa. "Nilitaka ajue. Nilishuka hadi karibu na gurudumu nikamwambia: sema Remus hakubonyeza. Akasema. Alisema mara nyingi."

"Lakini hukuachia."

"Sikuachia."

Alieleza rimoti yake ilipo, kwenye kaburi la Remus, udongoni chini ya taa ya kaburi. Konstebo alitumwa, akarudi nayo ndani ya mfuko wa vielelezo.

"Mwanangu alikufa bila mshumaa mkononi," Teofil alisema walipokuwa wakimsubiri. "Kwetu hilo ni baya kuliko kifo. Nilikuwa nimebeba mmoja kwa ajili ya Horea. Nilifikiri nitamwashia. Niliubakiza mfukoni."

Saveta alianza kuandika maelezo kwa utaratibu wa kawaida, jina, umri, anwani. Teofil alinyoosha mkono kuizuia kalamu.

"Andika kwanza kwamba Ozana Petcu hakuufunga waya ule."

Aliandika.

"Kisha andika kwamba Remus hakubonyeza."

"Hilo nina neno lako tu, mzee, na la mtu aliyekuwa chini ya gurudumu. Mahakama haitalipokea."

"Najua," Teofil alisema. "Liandike."

Saveta aliliandika. Mzee alilisoma mara mbili, kidole kikifuata herufi, akatia sahihi. Kisha Saveta alitoka hadi kwenye korido kumpigia Ozana simu nyumbani.