Kifaa cha Marehemu Gichuru

Kifaa cha kusikia kiliingia sikioni mwa Mbithe kikatulia, kama punje iliyorudi kwenye gunzi lake. Hilo peke yake lingetosha kumtisha. Fundi wa masikio wa kliniki moja mjini Kitui alikuwa amemweleza, kwa sauti ya juu na kwa vidole, kwamba vidude vile vidogo vya ndani ya tundu haviazimwi.

"Hutengenezwa kwa kipimo cha sikio la mwenyewe, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa Kikamba. "Ni kama meno ya bandia. Cha mtu mwingine kitakuumiza au kitaanguka."

Kisha akamwekea mezani kile alichomchagulia yeye: cha kahawia, kinene kama ganda la kunde, cha kuning'inia nyuma ya sikio, chenye mrija wa kupeleka sauti ndani. "Kinu kimekuharibu sana, na sikio lenyewe linatoa maji. Hiki kina nguvu, na sikio litapata hewa. Wewe ni wa hiki."

Mbithe alikitazama akaona kicheko cha kanisa zima. Miaka mingi alikuwa amesaga mahindi ya watu sokoni Zombe, kinu kikinguruma ubavuni mwake, na watu wakimwita kiziwi mbele ya macho yake. Kweli hakuwasikia. Lakini midomo aliiona. Leo asimame kwenye kwaya ya akina mama na tangazo nyuma ya sikio?

"Nitafikiria," akasema. Hakurudi.

Hata hivyo, masikio aliyahitaji. Kanyiva, mke wa mwanawe, alikuwa amekuja nyumbani kujifungua, na likizo ilikuwa ikiisha. Angerudi Mtito Andei kwenye kazi yake ya hoteli. Mtoto abaki na nani? Mtoto mwenyewe alikuwa Kiilu, kifungua mimba, aliyepewa jina la babu yake kama ilivyo desturi ya Wakamba, na huyo babu ndiye aliyekuwa mume wa Mbithe, marehemu. Kwa hiyo bibi alimwita mjukuu "mume wangu", na nyumba ilijaa mzaha.

"Mume wangu amenikojolea tena! Na yule wa kwanza hakuwa na adabu, lakini hakufikia hapa!"

Kanyiva alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasogea ili midomo yake ionekane vizuri.

"Mwaitu, si kwa ubaya. Jana alilia mpaka sauti ikakauka, na wewe uko hapo hapo unachambua kunde, umempa mgongo. Nitamwachaje?"

Mbithe alizihamisha kunde, akaketi akimtazama mtoto. Ndipo siku ya soko alipokuja rafiki yake Rahab, mjane wa Gichuru, muuza mitumba kutoka Mtito Andei. Rahab alifungua leso, akatoa kidude cha rangi ya ngozi, kidogo kama punje ya mahindi.

"Kilikuwa cha marehemu. Kinalala kabatini bure. Huku ndani hata malaika watakitafuta na tochi!"

Akaongeza maneno mengine huku amegeuka kumhudumia mteja. Mbithe hakuyapata, na kama kawaida yake akajibu, "Eee, eee, sawa."

Jioni hiyo alisikia kuku wakichakura. Alisikia ufagio wa jirani, na mtoto akimeza maziwa. Kanyiva akasimama nyuma yake, akanong'ona, "Mwaitu," na Mbithe akageuka. Wakashikana, wakacheka, wakalia.

"Basi," Kanyiva akasema, "nitamwacha nawe."

Siku chache baadaye, jua likiwa utosini, Kanyiva alikuwa ameenda kisimani. Mtoto alilala ndani. Mbithe alikuwa akianika ndengu juu ya gunia.

"Mbithe."

Sauti ya mwanamume. Upande wa kushoto, karibu. Kikohozi kidogo kwanza, kisha jina. Ilikuwa sauti ya Kiilu mkubwa.

Kila mtoto wa Ukambani hufundishwa: ukiitwa na usimwone anayekuita, nyamaza. Binadamu ataita tena. Kisicho binadamu huita mara moja, na kinachotafuta ni itikio lako tu. Mbithe alilijua hilo, na wanawe aliwafundisha yeye mwenyewe. Lakini miaka mingi watu walikuwa wamemwita na kunung'unika kwamba haitiki, na ile njaa ya kuitika ilikuwa imeiva kinywani. Ulimi ukatangulia akili.

"Eee! Niko hapa!"

Kuku wakanyamaza. Ikaja harufu ya ugoro, ule ule wa mumewe, na chini yake harufu ya udongo uliofukuliwa.

"Asante," ikasema sauti. "Yuko wapi mwenye jina langu?"

Mbithe alitia kidole sikioni ili akitoe kile kidude, na kidole hakikukuta kitu, kikazama kwenye ujoto na unyevu, na kadiri alivyochokora ndivyo sauti ilivyocheka taratibu, mle mle ndani, huku akisikia pia, kupitia ukuta wa matofali, godoro likibonyea kama mtu mzima anapokaa kando ya mtoto, na alipokimbilia ndani akamkuta Kiilu mdogo macho wazi, ameigeuzia kichwa kona isiyo na mtu, anatabasamu, mdomo wake usio na meno ukifunguka na kufungika kama wa mtu anayefundishwa kuitika.

Alipompigia Rahab simu, alinong'ona.

"Gichuru alikufaje?"

"Ni malaria, walisema. Ila zile siku za mwisho aliitika sana. Kutwa, 'naam, naam', na hakuna aliyemwita. Tulidhani ni homa. Kwani hicho kidude kinafanya kazi? Betri ulipata wapi? Si nilikuambia pale sokoni hakina betri?"

Mbithe alirudi kliniki peke yake. Fundi alimulika sikio, akamulika tena.

"Hakuna kitu humu, mwaitu. Na unasikia kuliko mimi." Alitabasamu kwa mashaka. "Umeombewa na nani?"

Angejibu nini? Zombe nzima wanajua majini hayaji bure. Huja kwa anayeyafuga. Mwanamke akitaja kwamba analo, hapewi pole. Nyumba yake huchomwa. Na Kanyiva angemtazama vipi tena? Usiku na mchana sauti ilidai jambo moja: "Uliniitikia. Mama yake akiondoka, nipe mwenye jina langu."

Akaomba, akafunga, akaimba tenzi zote anazozijua. Sauti ikaimba naye, sauti ya nne, ile nzito ya wanaume.

Asubuhi ya safari, mkoba wa Kanyiva ulikuwa mlangoni, na nguo za mtoto zimekunjwa kitandani kwa bibi. Mbithe aliketi uani, ameupa mlango mgongo, anachambua kunde. Alisikia kila kitu. Alisikia hata kope za mtoto zikipepesa.

"Mwaitu," Kanyiva akaita kwa upole. "Njoo umchukue."

Mbithe alichukua punje, akaitupa. Akachukua nyingine.

"Mwaitu?"

Punje nyingine.

"Mwaitu! Aiya! Mwaitu!"

Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Kilio kilimpasua bibi kifuani, lakini shingo yake haikugeuka. Kanyiva akaja mbele yake, uso umemvimba kwa machozi.

"Kumbe ilikuwa maigizo tu? Ulitaka nimwache huyu mtoto afe hapa, ukiangalia kunde? Mungu anakuona!"

Mbithe alitazama midomo yake, akatingisha kichwa kama asiyeelewa, na akatabasamu tabasamu la kiziwi. Hakuwahi kufanya kazi nzito kuliko hiyo, hata kinuni.

Kanyiva alikusanya zile nguo, akamfunga mtoto mgongoni, akapanda bodaboda. Mbithe alisikiliza injini ikififia kuelekea barabara kuu. Akashusha pumzi. Angalau mtoto ameokoka.

Kikohozi kidogo, upande wa kushoto.

"Asante kwa kunifungashia safari, mke wangu. Mtito Andei napajua. Ndiko nilikotoka."

Kisha sikio likazimika. Kuku walichakura bila sauti. Mbithe akaangusha ungo, akakimbilia barabarani akiita jina la mtoto kwa nguvu zake zote, na hakujua kama koo lake lilitoa sauti au la.