Bibi na Maji ya Mfereji

Mume na mke wakulima waliiita pikapu yao Bibi. Kila alfajiri Bibi alibeba kabichi kwenda sokoni, na kila alfajiri alichemka katikati ya mlima. Mume aliegemea usukani kama mgonjwa ni yeye. Mke alishuka na dumu. Alichota maji kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, akangoja injini ipoe, akamimina. Kabichi nazo zilingoja, zikinyauka.

"Nimechoka, mke wangu," mume alisema. "Tuuze shamba la chini, tununue gari la juzijuzi. Mnunuzi anakuja kesho."

"Kabichi zote ziko shamba la chini. Hilo gari litabeba nini?"

"Litabeba heshima yangu."

"Haya, ukaipange sokoni tuone atakayeinunua. Lakini hata maiti hupimwa kabla ya kuzikwa. Twende kwa Mama Spana."

Mama Spana, jirani yao, alikuwa fundi wa magari. Jioni ile aliingia chini ya Bibi akiwa na nyundo. Akagonga vyuma virefu vinavyobeba gari lote. Ngo! Ngo!

"Fremu nzima," alisema. "Ingekuwa imeoza kwa kutu, ningewaambia nunueni lingine, tena upesi. Fremu ikioza, hilo ni jeneza lenye magurudumu."

Kisha akafungua rejeta, ile sehemu inayopoza maji ya injini. Tope jekundu likamwagikia viatu vya mume.

"Shemeji, hili ni gari au kitalu cha miche?"

"Tunamwekea maji ya mfereji," mke alisema polepole.

"Mmelimwagilia kama kabichi! Ajabu halijaota majani. Udongo umeziba rejeta. Maji hayapiti, injini haipoi. Kuna maji maalumu ya rejeta, wekeni hayo. Yaangalieni kila asubuhi, injini ikiwa baridi. Ikiwa ya moto, msifungue kifuniko. Mtaungua."

"Gari jipya lisingechemka," mume alinung'unika.

"Linyweshe tope hili, litachemka mbele ya majirani wote. Na vipuri vyake utavitafuta hadi usahau njia ya kurudi nyumbani. Vya Bibi viko kila duka. Kipya kinyemi, shemeji, ingawa kidonda."

Mume alikung'uta viatu. "Sasa mnunuzi nitamwambia nini?"

"Mwambie tunauza kabichi," mke alijibu.

Bibi akafungwa rejeta nyingine. Haikuwa mpya, lakini ilikuwa safi. Akawekewa maji yake maalumu.

Safari iliyofuata, Bibi alipanda mlima akikoroma kizee, bila mvuke. Walipofika kwenye mfereji, mume alipunguza mwendo kwa mazoea. Akageuka kumtazama mkewe. Dumu lilikuwa mapajani mwake, tupu. Mwenyewe alikuwa amelala fofofo.

Mume akabadilisha gia taratibu, asije akamwamsha.