Kibali na Upindo Wake

Katika nyumba ile cherehani ilikaa jikoni, kati ya jiko na kabati la vyombo. Mama Sindano, kama majirani walivyomwita, alishona huku akikoroga mchuzi. Mumewe, fundi rangi, alishazoea kutafuna kwa tahadhari.

"Leo nimepata kifungo kwenye mchuzi," alisema siku moja.

"Kirudishe, ni cha mteja," mkewe akamjibu.

Ndipo walipoamua kuongeza chumba cha kushonea. Ofisi ya ujenzi ikaikubali ramani yao. Ikabaki kulipia kibali kwa simu, kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Muda ukipita, namba ya malipo inakufa na maombi yanaanza upya. Na mwashi alishasema wazi: Jumatatu kibali kisipokuwepo, anakwenda zake kwenye kazi nyingine ya miezi mitatu.

Ijumaa saa tisa Mama Sindano akapiga hesabu. Chumba ni mita nne kwa tano, yaani mita za mraba ishirini. Kila mita ya mraba ni elfu moja, kwa hiyo elfu ishirini. Fomu na ukaguzi, elfu tano. Jumla elfu ishirini na tano, na ndizo zilizokuwa kwenye simu, kamili. Akabonyeza. Simu ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa tena.

"Simu hii ina roho mbaya!" alifoka, jasho linamtoka.

"Tulipe nusu nusu," mumewe akashauri.

Mara hodi. Alikuwa jirani yao, karani wa dirisha la vibali, yuko likizo na amefuata sketi yake. Akaisoma karatasi ya malipo, akacheka mpaka akakaa.

"Shoga, mwezi uliopita ulinirudisha na kitambaa changu. Uliniambia nini?"

"Kwamba kinatosha sketi, ila hakina upindo."

"Basi na wewe umeleta pesa bila upindo. Elfu ishirini na tano ni za ofisi. Kampuni inayopitisha malipo nayo ina chake. Soma hapa chini."

Maandishi yalikuwa madogo: asilimia mbili ya malipo, pamoja na mia mbili kila unapolipa.

"Asilimia mbili ya elfu ishirini na tano ni mia tano," Mama Sindano akahesabu. "Na mia mbili, mia saba. Kumbe ni elfu ishirini na tano na mia saba!"

"Na nusu nusu je?" akauliza mume.

"Hiyo mia mbili utakatwa mara mbili, shemeji. Lipeni mara moja."

Saa tisa na nusu. Mama Sindano aliingiwa na hofu kweli. Mia saba atazitoa wapi? Jirani akavaa sketi, akajigeuza, akatoa simu yake.

"Nakutumia elfu mbili zako za ushonaji. Niweke na ya kutolea?"

"Leo sitoi, nalipa!"

Saa kumi kasorobo risiti ikaingia. Mume na mke wakakumbatiana kama maharusi.

Chumba sasa kimesimama. Juzi mume alichungulia mlangoni. "Nalipia kibali cha uzio. Elfu nane."

"Na upindo?"

"Nimeshauliza. Mia moja na sitini, na mia mbili. Jumla elfu nane mia tatu na sitini."

"Haya, lipa," akasema Mama Sindano, akaendelea kushona. Mume akalipa, kisha akaenda jikoni akala haraka haraka, bila kuogopa kifungo.