Nishani ya Marehemu Bulugu

Mzee Telesfori alirudi kutoka Ngara mjini jua likiwa utosini, akamsikia mke wake anacheka jikoni. Si kicheko cha kupiga soga na jirani. Kilikuwa kicheko cha binti anayeshikwa kiuno, kile cha "niache bwana, watu watatuona". Na huyo Anjelika ni bibi mwenye wajukuu, magoti yanamuuma, na tangu waoane hakuwahi kumchekea Telesfori hivyo hata siku moja.

"Uko na nani?" akauliza mlangoni.

"Na nani tena, Baba Odeta? Niko na maharage yangu."

Kweli, jikoni hapakuwa na mtu mwingine. Lakini kigoda cha pili kilikuwa kimesogezwa karibu kabisa na chake, na Telesfori alipokigusa alikuta kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Tena palinuka ugoro, na nyumba ile haina mnusa ugoro.

Wivu ukampanda. Ungemwona ungecheka: mzee mzima anazunguka migombani na fimbo, anachungulia chooni, anakagua nyayo kama mgambo. Hakupata kitu. Akala maharage yake amenuna.

Mjini alikuwa amefuata jambo la zamani. Wakati wa Vita ya Kagera, Telesfori aliingia kwenye gari la jeshi linalowaka moto, akamtoa kamanda wake akiwa hai. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa anatetemeka kwa homa, na rafiki yake Bulugu, Msukuma mmoja mcheshi sana, akavua koti lake akamvika. Koti lilikuwa na jina la Bulugu kifuani. Bulugu mwenyewe aliuawa katika mapigano hayohayo na mwili wake haukuonekana tena. Basi karani akaandika jina aliloliona kwenye koti, na kumbukumbu zikasema shujaa ni Bulugu, nishani nayo ikaandikwa jina lake. Telesfori hakupinga. Angepingaje? Mjane wa Bulugu alikuwa huyuhuyu Anjelika, na habari ya ushujaa ule ndiyo iliyomwinua kitandani akala chakula. Miaka kadhaa baadaye Telesfori akamwoa.

Lo! Alijitia mwenyewe matatani. Kila Pasaka Anjelika aliomba misa kwa ajili ya "marehemu Bulugu aliyeingia motoni", na Telesfori, kwenye benchi moja naye, akawa anameza mate machungu. Uzeeni uvumilivu ukamwishia. Akaenda ofisini mjini kuomba kumbukumbu zisahihishwe, nishani iwe yake. Nishani yenyewe ni kipande cha chuma tu. Alichokitaka ni Anjelika amtazame hata mara moja kama alivyomtazama maiti yule.

Akawa anakwenda ofisini, anarudi, na kila akirudi anakuta mambo yamezidi. Mara mluzi nyuma ya nyumba. Mara mto wake wa kulalia umetupwa uani. Walileta maji ya baraka kutoka parokiani. Kesho yake wakakuta chupa imejaa ugoro hadi shingoni.

Halafu ikaja ile siku ya mvua. Telesfori alikuwa anatoka shambani mapema, akapita karibu na dirisha la chumba chao, akamwona Anjelika amesimama amekipa mgongo chumba kitupu, mikono yake miwili iko juu anajishika nywele, na kitenge chake, ambacho hakuna mkono uliokishika, kikawa kinazunguka kiunoni polepole, kikavutwa, kikakazwa, kikafungwa fundo nyuma, fundo zuri la mtu asiye na haraka, na Anjelika amefumba macho anatabasamu, na mvua inapiga bati, na katikati ya kelele za bati Telesfori akasikia mtu anapumua, anapumua kwa pua iliyozibwa na ugoro, tena si ndani ya chumba bali hapa dirishani, sikioni mwake.

Aliingia ndani mbio.

"Mama Odeta," akanong'ona, "ni nani?"

"Shh! Sema polepole. Ana wivu huyo."

"Nani?"

"Si unamjua?" Anjelika akamvuta mbali na dirisha. "Anasema alikuvika, na leo wewe unamvua."

Walikwenda Nyabusozi, Biharamulo, kwa mganga mmoja mama aitwaye Ildefonsa. Hakupiga ramli ndefu. Aliuliza swali moja tu: "Marehemu mlimzika?"

Hawakumzika. Huku kwetu, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa shina la mgomba badala yake, limevikwa shuka, na mtu aliyemjua husimama kaburini akataja sifa zake, ndipo marehemu anatulia. Lakini taarifa ya jeshi ilisema Bulugu hajulikani alipo, na kumzika mtu asiyejulikana alipo ni kama kumuua. Wakangoja, wakangoja, wakaacha.

Ildefonsa akamwomba Anjelika atoke nje kwanza. "Mzee wangu," akasema, "huyo hana mwili, hana nyumba, mke unaye wewe. Ana sifa moja tu, na hiyo nayo unaitaka. Mzike. Mtajie moto ule, umwachie. Ukimnyima, atachukua kingine kilichokuwa chake."

"Lakini si yeye aliyeingia motoni!"

"Najua. Naye anajua. Ndiyo maana wivu wake hauponi."

Wakachimba kaburi nyuma ya nyumba. Majirani wakaja, shina likavikwa shuka jeupe, Telesfori akasimama na kofia mkononi. Alianza vizuri tu. "Tunamlaza Bulugu, mtu wa watu, mtu wa kuchekesha..." Hapo akamtupia macho mke wake. Anjelika alikuwa amepiga magoti, anapapasa shuka lile kama anapapasa shavu, machozi yanamtiririka. "Bulugu wangu," anasema. "Bulugu wangu mimi."

Moyo wa mzee ukawaka.

"Hakuingia motoni!" akapiga kelele. "Ni mimi! Koti ndilo lilikuwa lake! Yeye alikuwa ameshakufa, mimi ndiye niliyeingia!"

Na mbele ya macho ya watu wote shuka likabonyea, likalala bapa chini. Shina halikuwemo.

Majirani walikimbia, wengine wakaacha majembe. Anjelika akabaki amepiga magoti palepale, akamtazama mume wake.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Anjelika."

"Na miaka yote hii umenyamaza," akasema, akaingia ndani.

Baada ya hapo nyumba ikatulia. Ugoro haukunuka, mluzi haukusikika, na Telesfori akajiambia kwamba mganga alimtisha bure. Ofisini wakamwita: kumbukumbu zimesahihishwa. Siku ya kuvishwa nishani Anjelika alisema magoti yanamsumbua, nenda tu. Akaenda, akapigiwa makofi, akarudi na bodaboda alasiri, nishani inang'aa kifuani, anaona haya na furaha kama bwana harusi.

Anjelika alikuwa anafagia uwanja. Alipomwona alitupa ufagio, akapiga magoti mpaka chini, upesi, bila kujishika popote.

"Shikamoo, baba."

Telesfori akacheka. "Utani gani huo, Mama Odeta? Ni mimi."

"Odeta ndiye nani, baba?" Sauti ilikuwa laini, ya msichana. "Karibu ukae. Bila shaka unamtafuta mume wangu. Katoka kidogo tu, hachelewi." Akaiona nishani, macho yakamng'aa. "Kumbe na wewe ni askari! Basi mnajuana naye."

"Anjelika. Nitazame. Mke wangu, nitazame."

Lakini alikuwa hamtazami tena. Alikuwa amesimama, anajitengeneza kitenge, anatazama juu ya bega la mzee, kule migombani ambako majani makavu yalikuwa yanavunjika chini ya viatu vizito.

"Huyo anakuja," akasema, na uso wote ukachanua.

Telesfori hakuthubutu kugeuka.