Aliyekaa Kwenye Kiti cha Thaddeus

"Renita, wamenitoa."

"Wamekutoa wapi?"

"Kazini! Niko kwenye gari hapa chini. Mlinzi amesimama ananisubiri niondoke, kama mwizi."

Renita Lockett aliinuka na simu sikioni, akaenda dirishani. Kweli, gari la Thaddeus lilikuwa linanguruma kwenye theluji, moshi unatoka nyuma, na mlinzi yuleyule aliyekuwa akitaniana naye kila asubuhi amesimama pembeni, mikono nyuma. Ofisini kila mtu aliinamisha kichwa kwenye kompyuta yake. Ghafla watu wote wakawa na kazi nyingi.

"Umekosa nini?"

"Ndicho nilichomuuliza bosi, Kurt. Kasema sijakosa kitu, ila kampuni imeamua kuelekea njia nyingine. Njia gani? Sisi si tunasafirisha tu vipuri kwa malori?"

"Nakuja huko chini sasa hivi."

"Thubutu! Kurt anaangalia nani anasikitika. Kaa hapohapo, mama. Mmoja wetu abaki na mshahara."

Gari likaondoka. Renita akarudi kukaa.

Ndiyo Ohio hiyo, huko Marekani. Bosi akiamka vibaya anakwambia nenda, na wewe unakwenda, sababu halazimiki kukupa. Wanakwambia na wewe una ruhusa ya kumwacha yeye siku yoyote upendayo, kwa hiyo mko sawa. Haya, sawa! Mmoja anaacha mfanyakazi, mwingine anaacha chakula cha watoto.

Na kazi yenyewe Renita aliipata kwa mkono wa Thaddeus huyohuyo. Alikuwa ameachishwa kwenye ofisi ya bima, ametuma maombi mpaka amechoka, hakuna hata wa kumjibu hapana. Talaka ilishamchukulia mume, sasa na kazi nayo. Ndipo akaanza kwenda kwenye chumba cha chini cha kanisa lao pale Toledo, ambako wasio na kazi walikutana na wenye kazi, kila mmoja amebandika jina lake kifuani, wanapeana mikono.

"Dada Renita," Thaddeus Pruitt alimwambia siku ya kwanza, "kazi haipatikani kwa sivii. Inapatikana kwa mtu kumwambia mtu. Tunywe kahawa kesho."

Kule kahawa ndiyo koneksheni. Unamwalika hata usiyemjua, unamweleza shida yako, naye anakutajia mtu. Renita akafika mgahawani na sivii yake kwenye bahasha. Akamkuta mwenzake amevaa tai na kajipulizia manukato mpaka mhudumu anapiga chafya.

"Kaka Thaddeus, hii ni kahawa ya kazi au ni kahawa ya mambo mengine?"

"Tuanze na ya kazi," alijibu, jasho linamtoka na nje barafu.

Basi, akamsemea kwa Kurt Vossler, meneja, na Renita akaajiriwa kumsaidia Thaddeus kupanga safari za malori. Mapenzi yakafuata bila kusukumwa. Kila Ijumaa walikula samaki wa kukaanga pamoja, na Renita akasahau jinsi nyumba inavyokuwa kubwa ukiwa peke yako.

Sasa Thaddeus katolewa. Jumatatu, Kurt akamwita Renita.

"Kaa kwenye kiti cha Pruitt. Cheo chake, kazi yake."

"Mimi? Lakini Kurt, yeye ndiye aliyeniingiza..."

"Kuna mwingine anayekitaka. Nimwite?"

Renita akafikiria mkopo wa nyumba. Akafikiria ile miezi ya kukaa sebuleni na gauni la kulalia mpaka jioni, simu hailii.

"Nitakaa."

"Vizuri. Na jambo moja. Kampuni nyingine zikipiga kuulizia habari za mtu aliyeondoka, toa tarehe aliyoanza na aliyomaliza, basi. Hata kama alikuwa malaika. Neno la ziada, na wewe siku hiyohiyo unakwenda."

Jioni Thaddeus akapiga.

"Nimewapigia wote niliokuwa nakula nao mchana. Hakuna aliyepokea, Renita. Nina majina mia tano kwenye simu hii, na anayepokea ni wewe tu."

"Watapokea tu, mpenzi. Wana woga."

"Na kiti changu? Wamemweka nani?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilimfika mdomoni kabisa.

"Bado hawajapata mtu," akasema.

"Basi huenda wakanirudisha. Ukipata nafasi, nisemee kwa Kurt."

"Nitakusemea."

Jamani! Uongo ni mgeni asiyetaka kuondoka, leo unampa kiti, kesho anataka kitanda. Renita akaanza kuogopa simu ya mpenzi wake. Akipiga mara mbili, anapokea ya pili. Baadaye akawa hapokei kabisa, anaandika: *Nimechoka leo, tuongee kesho.* Ijumaa alinunua samaki wake peke yake, akala amesimama jikoni na koti mwilini. Alimkumbuka Thaddeus mpaka kifua kinamuuma, na dawa ya maumivu hayo ilikuwa upande wa pili wa mji, inamsubiri ampigie.

Wiki moja baadaye simu ya ofisini ikalia.

"Naitwa Odette Kessler, napiga kutoka Dayton. Tuna magari ya kusambaza vyakula, na tunataka kumwajiri Bwana Thaddeus Pruitt. Naomba aliyeshika nafasi yake."

"Ni... ni mimi. Renita Lockett."

"Vizuri! Niambie, ni mtu wa namna gani?"

Mlango wa Kurt ulikuwa wazi. Renita akamwona ameinua kichwa.

"Naruhusiwa kukupa tarehe tu, mama." Akazitaja.

"Nauliza hivi, ungekuwa wewe, ungemrudisha kazini?"

"Naruhusiwa kukupa tarehe tu."

"Nimekuelewa," Bi Kessler akasema, na sauti yake ikawa imepoa. Akakata.

Jumamosi mchana Thaddeus akagonga mlango wa Renita. Hakukaa, hakuvua hata kofia.

"Dayton wamenikataa. Nimemwomba yule mama aniambie ukweli. Kasema Bi Lockett, aliye kwenye nafasi yangu, hakuweza kusema jema hata moja."

"Thaddeus, Kurt alikuwa ananiangalia! Wametukataza!"

"Najua wanakataza. Hilo katazo nililishika mimi kabla yako. Nakuuliza habari ya kiti."

Renita akaanza kulia.

"Kurt angempa mtu mwingine. Kama nisingekubali, ningetoka, tungekuwa wawili tusio na kazi."

"Ungeniambia siku ileile, ningekwambia kaa! Ningekwambia kaa, mama, na ningekufundisha dereva gani anadanganya, mteja gani anataka kubembelezwa. Kiti hakikuniuma. Nilikuwa nakupigia simu wewe tu duniani, na wewe ukaungana nao."

"Nilitaka kukuambia..."

"Ulitaka lini? Nilikuomba unisemee kwa Kurt, Renita! Umeniacha najidhalilisha mwenyewe, na wewe unasikiliza!"

Akatoka. Renita alibaki ameshika kitasa. Siku ile na iliyofuata alimpigia, hakupokea, na kanisani Thaddeus hakuonekana. Akajua sasa maana ya kupiga na kutopokelewa.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, akaenda kukaa kwenye gari lake na kupiga Dayton.

"Bi Kessler, ni Renita Lockett. Uliniuliza kuhusu Thaddeus Pruitt."

"Ukanijibu."

"Sikukujibu, niliogopa. Tumekatazwa kusema. Sasa nasema, na jina langu liandike. Yule bwana hajawahi kumlaza dereva njiani. Theluji ikifunga barabara, analala ofisini mpaka wa mwisho afike. Mimi mwenyewe nisingekuwa na kazi kama si yeye. Wamemtoa bila kosa. Umeniuliza ningemrudisha? Ningemrudisha leo."

"Na wakubwa wako wakijua umesema?"

"Watanitoa."

"Kuna mwingine tuliyemwita. Sikuahidi kitu. Ila nitampigia Bwana Pruitt aje tumwone."

Baada ya kazi Renita hakwenda kwake. Thaddeus alifungua mlango nusu, ndevu hajanyoa, nyuma yake televisheni inasema peke yake.

"Yule mama wa Dayton kanipigia," alisema. "Nakwenda Alhamisi. Kasema ulizungumza mpaka akakosa pa kuingilia."

"Ndiyo."

"Kurt akisikia utaona."

"Labda asikie kesho. Labda asisikie kabisa, anitoe mwezi ujao kwa sababu nyingine, au bila sababu. Sikuja unishukuru, Thaddeus. Nimekudanganya, nimekuacha peke yako, na mimi nikabaki peke yangu. Naogopa kila asubuhi nikiamka. Nimechoka kuogopa peke yangu."

Theluji ilikuwa inamwangukia Renita mabegani naye haipangusi.

"Bado nina hasira," Thaddeus akasema.

"Najua."

"Na Dayton wanaweza wakanikataa tena."

"Najua, baba."

Akaufungua mlango wote.

"Basi ingia ndani, tuogope wote wawili."