Damu ya Baba na Mama

Kila alasiri akitoka shuleni, Modesta alivua sare, akachota maji kwa jirani, kisha akamkanda mdogo wake Shigela miguu kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Shigela alikuwa na miaka minne. Mifupa ilimuuma mara kwa mara, na macho yake yalikuwa ya manjano. Hospitalini walikwisha kuwaambia kwamba ni siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Jumamosi moja shangazi Kashindye, dada wa baba yao, alifika nyumbani kwao Buswelu kutoka Sengerema.

"Shikamoo, shangazi," Modesta alimwamkia.

"Marahaba." Hata hakukaa. Alimtazama Shigela akilia mkekani, akamgeukia mama yao, Leonsia. "Wifi, ukoo wetu hauna ugonjwa huu. Umeuleta wewe kutoka kwenu Kagera. Kaka angenisikiliza, angeoa Msukuma mwenzake!"

Mama aliinama, akaendelea kuchambua mchele. Baba, Masalu, alijikuna kidevu tu. Kimya hicho kilimchoma Modesta kuliko maneno ya shangazi.

"Baba, humsikii mama anavyotukanwa?"

"Nyamaza. Haya ni mambo ya wakubwa."

"Na Shigela anayelia ni mkubwa?" Modesta alifoka, akatoka nje.

Jumatatu ilikuwa siku ya kliniki. Shangazi alifuatana nao, akitaka daktari athibitishe maneno yake. Daktari Rebeka aliwapima damu baba na mama. Mchana aliwaita wote.

"Nyote wawili mna kinasaba cha siko seli, yaani chembe ya urithi: nakala moja yenye kasoro na moja nzima," alisema. "Mtoto huchukua nakala moja kwa baba, nyingine kwa mama. Zamani sana kinasaba hiki kilibadilika mwilini mwa mtu, akawarithisha wanawe, nao wakawarithisha wana wao. Mwenye nakala moja yenye kasoro kwa kawaida haugui, tena inamsaidia asizidiwe na malaria. Ndiyo maana kimeenea Kanda ya Ziwa, kwa Wasukuma na kwa Wahaya. Shigela amepata nakala mbili. Modesta huenda anayo moja, au hana kabisa. Watoto wa tumbo moja hawarithi sawasawa."

"Kwa hiyo kwetu pia kipo?" shangazi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bila cha kaka yako, Shigela asingeugua."

Mama alisimama ghafla. "Miaka minne, wifi! Miaka minne mmenipima kwa midomo, na damu imepimwa kwa siku moja!"

Shangazi alipiga magoti. "Nisamehe."

"Nitakusamehe. Leo siwezi."

Shigela alianzishiwa dawa ya kila siku. Baada ya miezi michache maumivu yalipungua, akawa anakimbiza kuku uani. Baba aliwaita ndugu zake wote, akawaambia wazi kwamba ugonjwa wa mwanawe umetoka kwake na kwa mkewe, sawa kwa sawa.

Walipoondoka, alimketisha Modesta karibu.

"Hasira yako ilikuwa ya haki, mwanangu. Mimi nilinyamaza kwa sababu lawama haikuniangukia. Mtu akilaumiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyelichunguza, simama udai ukweli utafutwe kwanza. Anayekaa kimya naye amemsingizia."